Jinsi ya Kuzima Alamu ya Duka Bila Kuipotezea Akili

Mwenye duka wa Singida mjini akifungiwa alamu ya wezi, wiki ya kwanza hutamba kwa king'ora, wiki ya pili humwonyesha shemeji yake jinsi ya kubonyeza namba ya siri, na wiki ya tatu anasahau kabisa kwamba kile kisanduku cheupe nyuma ya magunia ya alizeti kina betri ndani. Kisanduku hakilalamiki. Kinakula vumbi la kiangazi, kinapigwa na joto la bati, kinalinda. Kisha inafika siku ya kupaka rangi ukuta au kuhamisha waya, mtu anachomoa umeme, anachomoa na betri, na alamu ikiwashwa tena haimjui mtu: namba za siri zimepotea, majina ya milango yamepotea, na zile simu ilizopaswa kupiga usiku wa manane hazimo.

Kwa hiyo tuizime kwa adabu.

Anza kwa kujua una paneli ya aina gani. Za zamani zilitunza mipangilio kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme; umeme na betri vikikosekana pamoja, kila kitu kinafutika. Nyingi za siku hizi zina chipu ya kumbukumbu ya kudumu, nayo hushika mipangilio miaka hata bila umeme. Kinachopotea mara nyingi ni saa na tarehe. Kitabu cha paneli kitakuambia ipi ni yako. Augustus Pope wa Massachusetts, aliyepata hataza ya kengele ya umeme ya kuzuia wezi mwaka 1853, hakuwahi kusumbuliwa na jambo hili, kwa kuwa kengele yake haikuwa na cha kukumbuka: mlango ulifunguka, umeme ukapita, kengele ikalia. Sisi tumetaka alamu imtambue karani wa asubuhi, mlinzi wa usiku na mama mwenye duka, kila mmoja kwa namba yake, na hayo yote lazima yakae mahali.

Mahali penyewe ni daftari. Nunua la karatasi, lenye jalada gumu. Kabla hujagusa bisibisi, andika zoni moja moja: ya kwanza mlango wa mbele, ya pili dirisha la stoo, ya tatu sensa inayotazama kaunta. Andika sekunde unazopewa za kutoka baada ya kuitega na sekunde za kuzima ukiingia. Andika namba za simu zinazopigiwa, kwa mpangilio wake. Namba ya siri ya kila mtu ipate mstari wake. Halafu iandike namba ya siri ya fundi, ile inayofungua mipangilio yenyewe, kwa tarakimu kubwa. Piga picha za waya zilivyofungwa kwenye bodi, na kila waya uubandike kipande cha karatasi chenye namba ya zoni yake. Daftari hilo lilale nyumbani. Likilala dukani chini ya droo ya pesa, siku mwizi akilipata atakuwa msimamizi mpya wa alamu.

Sasa waarifu watu. Mlinzi ajue, jirani ajue, na kama alamu inapiga simu kampuni ya ulinzi, nao wajue. Halafu ingiza namba ya fundi kwenye kibao cha kubonyezea namba na uiweke paneli katika hali ya matengenezo kabla ya kufungua kifuniko, maana kifuniko kina swichi yake inayosema "naguswa" mara tu kinapoachia. Cha kukumbuka zaidi ni king'ora cha nje. Vingi vina betri yake ndani, na vimetengenezwa makusudi vilie pale waya wa kutoka kwenye paneli unapokatwa, kwa sababu mwizi naye hukata waya. Ukikata umeme kienyeji, king'ora hakitajua kuwa wewe ndiye mwenye mali. Kata nzima ya Ipembe itasimama kukutazama ukiwa juu ya ngazi.

Ukishafika ndani ya kisanduku utaona upande mmoja transfoma inayopokea volti 230 za TANESCO, na chini yake tofali dogo jeusi au la kijivu: betri ya asidi ya volti 12, mara nyingi ya ampea-saa 7, yenye waya mwekundu na mweusi. Kanuni kuu ya mwongozo huu inakaa hapa: usiondoe umeme wa ukutani na betri kwa wakati mmoja kama kazi yako haihitaji hivyo. Unabadilisha betri? Acha umeme wa ukutani uwake, chomoa betri mbovu, funika ncha za waya kwa utepe zisigusane, chomeka mpya, mwekundu kwa jumlisha na mweusi kwa kutoa, na mikono yako isivuke kwenda upande wa transfoma. Unafanya kazi kwenye umeme wa ukutani? Basi betri ndiyo itakayobeba kumbukumbu, na lazima uipime kwanza. Upande huo wa umeme mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kuipima betri wengi hukosea. Wanaweka mita huku umeme unawaka, inasoma volti 13 na ushee, wanatabasamu. Hiyo ni volti ya chaja. Zima umeme wa ukutani, iache betri ibebe mzigo wake nusu saa, kisha pima tena huku ukiitazama. Betri mbovu huporomoka kwenye mita mbele ya macho yako, kumi na mbili, kumi na moja, kumi, na ikishuka chini ya kumi na nusu imekwisha kazi. Ukiiona imevimba ubavuni, usihangaike hata kuipima.

Kwa hesabu, betri mpya ya ampea-saa 7 inayolisha paneli na sensa zinazokula kama ampea 0.35 hukaa saa 20 hivi. Hiyo ni betri mpya, iliyojaa, mahali penye ubaridi. Betri za aina hii hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi kumi za joto zinazozidi ishirini na tano, na ukuta wa ghala la alizeti chini ya bati mwezi wa Oktoba hauna huruma. Na mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulizikausha betri nyingi mara kwa mara, jambo linaloziua haraka. Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa na Dodoma kwenda Shinyanga inapita mkoani kwetu, na hapa Singida ndipo inapochepuka ya kwenda Arusha na Namanga, lakini betri ya dukani kwako haijui habari za nyaya hizo. Ibadilishe kila baada ya miaka mitatu, na tarehe iandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri yenyewe.

Kama ni lazima uzime vyote, labda paneli inahamia ukuta mwingine, ondoa umeme wa ukutani kwanza, betri baadaye. Wakati wa kurudisha fuata kitabu, kwa sababu paneli nyingi haziamki kwa betri peke yake. Na tafadhali usiziguse zile pini mbili ndogo za kurudishia mipangilio ya kiwandani. Kuna wanaoziunganisha kwa bisibisi "ili iwake vizuri". Itawaka vizuri sana, ikiwa na namba ya siri ya kiwandani kama 1234, ambayo wezi wanaijua kuliko mwenye duka.

Kama alamu inatumia laini ya simu, itoe kwanza namba ya siri ya laini kwa kuiweka laini hiyo kwenye simu ya kawaida. La sivyo, umeme ukirudi laini itakaa inasubiri namba hiyo, na usiku wa wizi haitampigia mtu. Rekebisha saa na tarehe. Alamu iliyopangwa kujitega saa mbili usiku, saa yake ikipotea, itajitega mchana wateja wakiwa wanapimiwa mafuta. Halafu tembea mbele ya kila sensa, fungua kila mlango, na usiondoke mpaka simu yako imelia.

Na fundi akimaliza kazi, usimlipe salio kabla hajakupa namba yake ya siri ya mipangilio na wewe hujaijaribu mwenyewe mbele yake. Mafundi huhama Singida wakaenda Dodoma au Dar es Salaam, na simu zao hubadilika. Alamu ni yako. Namba hiyo idai leo.