Namna ya Kuipima Bahari Homa Ukiwa Kilomita 700 Juu

Mama humpima mwanawe homa kwa kiganja. Bahari imekishinda kiganja kwa upana, basi fuata hatua hizi.

1. Panda juu. Setilaiti ya Japani GCOM-W1, iliyorushwa mwaka 2012, imebeba AMSR2, chombo chenye dishi la mita 2 linalozunguka mara 40 kwa dakika. Kila mzunguko hutazama vitu viwili ambavyo joto lake linajulikana: anga tupu, nyuzi 2.7 za Kelvini, na kifaa cha moto kilicho ndani yake. Nukta mbili, mstari mmoja: kipimo tayari.

2. Tega gigahezi 6.9. Hapo mawimbi ya maikrowevu hupenya mawingu yanayoziba macho ya infraredi. Mvua kubwa ikinyesha, subiri ipite.

3. Usiiamini namba ya kwanza. Maji ni bahili, hutoa sehemu tu ya mnururisho unaolingana na joto lake. Tuseme ni nusu: bahari ya Kelvini 300, yaani Selsiasi 27, itasomeka 150. Zidisha kwa mbili. Kumbuka kwamba kosa nalo limezidishwa: nusu nyuzi angani ni nyuzi nzima baharini.

4. Ita mashahidi wote. Upepo huleta povu, na povu hung'aa kuliko maji matulivu. Mvuke na mawingu nayo huongeza sauti zao. Vitu vinne havijulikani (joto, upepo, mvuke, mawingu), mlinganyo mmoja hautoshi. Chombo husoma masafa 7, kila moja kwa mawimbi ya wima na ya mlalo. Masafa ya 23.8 huutambua mvuke, 36.5 mawingu. Kisia joto, kokotoa dishi lingeona nini, linganisha na lilichoona, sahihisha, rudia.

5. Pasipopimika pasijazwe. Doa moja ambalo dishi huliona baharini kwa gigahezi 6.9 lina kilomita 35 kwa 62. Kati ya Unguja na Bagamoyo halienei: nchi kavu inayong'aa kuliko maji huingia ndani ya doa na kuisingizia bahari homa. Matumbawe yetu yalipauka kwa joto mwaka 1998. Hayastahili namba ya kubuni. Hapo acha pengo kwenye ramani, panda ngalawa, tia kipimajoto majini.