Sifa za Kirusi cha Flashi

Waliosifiwa katika habari za intaneti ni wengi, na sina kinyongo nao. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti pale CERN mwaka 1989, alitunukiwa na Malkia wa Uingereza na sasa anaitwa Sir. Mkongo wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, ukatua Dar es Salaam na Mombasa, ulipokelewa kwa hotuba. Hata Nokia 1100 na katochi kake ina wazee wanaoililia barazani mpaka leo. Lakini kipo kiumbe kimoja kilichotutumikia miaka yote ile bila mshahara, kikaingia ofisi ya waziri na kibanda cha kutoa kopi kwa heshima ile ile, na hakijapata hata kikombe cha chai. Nakizungumzia kirusi cha flashi. Wengine wamekitukana vya kutosha. Leo naomba zamu yangu nikisifu.

Kwa aliyezaliwa baada ya bando, nieleze kidogo hali ilivyokuwa. Kabla ya mkongo, intaneti yetu ilitoka mbinguni, na sisemi kwa mafumbo. Mawimbi yalipanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, yakashuka Ulaya, jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Nusu sekunde ilikuwa imeshakwenda hata kabla ya foleni. Na foleni ilikuwapo. Kafe nzima iligawana laini moja nyembamba. Unanunua nusu saa, saa ya kuhesabia inakukodolea macho kwenye kona ya kioo, ukurasa wa Yahoo unafunguka kichwa, unapumzika, unafungua kifua, na barua uliyoijia haijaonekana. Kwa hiyo mtu aliingia mtandaoni kama anayekwenda benki: achukue alichokifuata, atoke. Alichokichukua alikipakia kwenye flashi, na kuanzia hapo kilisafiri kwa miguu.

Kwa miguu ndiko mambo yalikokuwa. Albamu za Bongo Fleva, tamthilia ya Jumong kuanzia mwanzo hadi mwisho, mitihani ya miaka iliyopita, fonti za kadi za harusi, programu zilizovunjwa kufuli na namba zake za siri ndani ya faili la Notepad, vyote vilipita mfukoni. Tena usidhani ulikuwa mtandao wa polepole. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikiwa imeamka na afya njema, ingehitaji karibu juma zima kushusha gigabaiti 4. Daladala ya Ubungo kwenda Posta, hata ikikwama Magomeni mpaka abiria wakaanza kulaumu serikali, ilizifikisha gigabaiti hizo asubuhi ile ile.

Sasa niambie, nani aliyeujua mtandao ule mzima? Watafiti walikuja na madodoso yao, wakahesabu wenye modemu, wakaandika kwamba tuko nyuma. Kampuni za simu zilihesabu laini. Flashi iliyoning'inia shingoni mwa mwanafunzi haikuhesabiwa na mtu. Kirusi ndicho kilichoipitia njia yote: kutoka maabara ya chuo hadi kwa shemeji mwenye studio ya picha, kutoka kwa shemeji hadi ofisi ya kata, kutoka ofisi ya kata hadi kwenye kompyuta ya mchungaji yenye ratiba ya kwaya. Kama mtu angechora safari ya kirusi kimoja tu, angepata ramani ya kweli ya nani alimwomba nani nini, na ya ofisi ngapi zilitumia saa za kazi kuangalia Jumong.

Na adabu kilikuwa nazo. Chukua kile cha shotikati, ambacho kwangu ndicho mfalme wao. Unachomeka flashi, unaona folda zako zote kwa majina yake, ila kila moja imeota kamshale kwenye kona. Hizo si folda. Folda zenyewe zimesitiriwa, zimepigwa alama ya kufichwa na alama ya mfumo ili Windows isizionyeshe, na mbele ya kila moja imewekwa shotikati yenye jina lake. Ukibofya, yanatokea mawili kwa pamoja: kirusi kinaamka na kujinakili kwenye kompyuta, na folda yako inafunguka, barua zako zimo, hakuna herufi iliyopungua. Mvamizi gani mwingine anayekuhudumia hivyo? Wezi wa siku hizi wakikuingilia wanafunga kila kitu na kudai fidia kwa sarafu za kidijitali. Hiki hakikudai hata senti tano. Kiliomba kupandishwa gari tu, kwenda kwa mtu mwingine.

Nduguye alikuwa mpenda mavazi. Yeye alivaa umbo la folda ya manjano na kujiita New Folder, na kwa kuwa Windows ilikuwa na mazoea ya kuficha mikia ya majina ya mafaili, ile .exe iliyokuwa nyuma yake haikuonekana. Mtu anaona folda mpya, anajiuliza nani kaiweka, anaifungua. Udadisi wa Mwafrika umesifiwa na wachache. Kirusi kile kiliutegemea kwa maisha yake yote na hakikuangushwa hata mara moja.

Nakuja kwenye elimu, na hapa naomba wenye mitaala ya TEHAMA wakae kitako. Nimemwona kwa macho yangu katibu muhtasi mmoja, mama mtu mzima, aliyekuwa akimwita kijana wa masijala kila printa ilipokwama karatasi. Siku flashi yake ilipopatwa, hakumwita mtu. Alifungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika kwa vidole viwili, taratibu, huku akinong'ona: attrib -h -r -s /s /d g:\*.* Akabonyeza Enter, akakunja mikono. Folda zikaibuka moja baada ya nyingine. Amri hiyo ni ya enzi za DOS, na Microsoft walikuwa wametumia miaka mingi na fedha nyingi kutupambia madirisha ili tusahau kwamba ipo. Kirusi kiliturudisha darasani. Amri ikapokewa mdomo kwa mdomo, ikaandikwa kwenye vikaratasi vilivyobandikwa kwenye fremu za vioo, wengine wakaipunguza nafasi, wengine wakaizidisha mkwaju, kila ofisi na mapokezi yake. Lakini waliotoka katika shule hiyo walijua kwamba kilichofichwa hakijafutwa, kwamba jina la faili lina mkia na mkia ndio usioficha asili, na kwamba kompyuta ni kitu kinachoweza kuamrishwa. Sijaona semina elekezi yenye posho na maji ya chupa iliyofikia hapo.

Tena kirusi ni mtu wa ukoo. Cha kwanza kabisa cha kompyuta za aina ya IBM PC kilitokea Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kikaitwa Brain. Walikiunda ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, kwa kuwa, kama walivyosema wao, watu walikuwa wakinakili programu yao ya tiba bila kulipa. Ndani ya kirusi hicho waliandika majina yao, anwani ya duka na namba za simu, ili aliyepatwa apige aombe dawa. Linganisha na kampuni za leo ambazo ukitaka kuzungumza na binadamu unabonyeza moja, unabonyeza nne, unasikiliza muziki. Halafu kuna binamu wa upande wa barua pepe, yule wa ILOVEYOU wa Mei 2000, aliyewaangusha wakubwa wa Ulaya na Marekani kwa neno la mapenzi. Aliyekitunga, Onel de Guzman wa Ufilipino, alikuja kueleza miaka ishirini baadaye kwamba alianza kwa kutafuta nywila za watu ili aingie intaneti bure, maana hakuwa na uwezo wa kuilipia. Kijana yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya kiti cha mwenye tiketi pale kafe, akisoma kwa jicho la pembeni, anamwelewa bila mkalimani.

Na msidhani kilikuwa cha kwetu tu, cha maskini. Mwaka 2008 flashi moja ilichomekwa kwenye kompyuta ya jeshi la Marekani katika kambi ya Mashariki ya Kati. Kilichomo ndani kikaenea mpaka Pentagon ikapiga marufuku flashi jeshini mnamo Novemba, na kukifagia kukachukua zaidi ya mwaka. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, NASA ilikiri kwamba kompyuta za mkononi kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga zilikuwa na kirusi, kilomita zipatazo 400 juu ya vichwa vyetu. Kilikuwa cha aina inayoiba nywila za michezo ya mtandaoni. Wanaanga hawakuwa wakicheza michezo hiyo, sisi huku chini wala tusingeweza kuifungua, lakini kirusi kilitufikia sote kwa moyo mmoja. Kwa hapa kwetu, kilivuka Namanga na Mutukula bila pasi wala kadi ya manjano wakati Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ingali mezani. Yenyewe ilianza kutumika Julai 2010.

Maadui zake je? Antivairasi, mlinzi aliyehitaji kulishwa kila siku. Chakula chake kilitoka intaneti, nayo intaneti ndiyo ile niliyoieleza. Basi mtu mmoja mwenye laini ya kueleweka alishusha masasisho, akayaweka kwenye flashi, flashi ikazungushwa ofisi nzima, na kirusi kikapanda gari hilo hilo, kikakaa kiti cha mbele. Kaspersky ya zamani ilikuwa na tabia ya kulia kama nguruwe kila ilipokamata kirusi, kwa sauti kubwa. Namwachia msomaji wa Pwani akadirie jinsi sauti hiyo ilivyopokelewa ofisini mara baada ya swala ya adhuhuri. Wengi waliinyamazisha, na kwa kuinyamazisha wakapata amani ya pande zote.

Uchumi nisiutaje kwa kirefu; mafundi wenyewe wanajua. Kupiga Windows kulikuwa dawa ya kila kitu: virusi, uzito, joto, hata kibodi iliyomwagikiwa chai. Kibanda, CD iliyochanika pembeni, na kijana mwenye uso wa daktari. Ada nyingi zimelipwa hapo. Udhuru pia ulipata soko. Kabla ya kirusi, mwanafunzi aliyechelewesha kazi alilazimika kumfisha bibi. Baada yake, bibi zetu waliishi maisha marefu, kwa kuwa flashi ndiyo iliyokuwa inaugua.

Najua watanikabili wenye tasnifu zilizopotea, sura tano na marejeo yake, siku tatu kabla ya kuwasilisha. Nawapa pole. Lakini haki itendeke: kirusi kiliificha tasnifu. Aliyeifuta ni fundi. Ulimpelekea flashi, akaichomeka, akaona ukubwa umetumika na ndani hamna kitu, akatingisha kichwa, akasema, "Hii mzee wangu ni ya kufomati," nawe ukaitikia. Kama ungemfuata yule katibu muhtasi ungepewa digrii yako mwaka ule. Vilikuwapo virusi viharibifu, sikatai, vilivyokula mafaili na kutema takataka. Kila ukoo una watoto wake wa hivyo, na hawakuchafua jina la waliokuwa na malezi.

Mwisho wake ulitoka mbali. Windows ilikuwa na desturi ya kusoma kijifaili kiitwacho autorun.inf na kutii kilichoandikwa humo mara tu kifaa kinapochomekwa. Ukarimu wa aina hiyo ndio uliokilea kirusi. Windows 7 ilikuja bila desturi hiyo kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft wakaiondoa kwenye zile za zamani kupitia masasisho. Bando zikashuka bei, WhatsApp ikaingia, nyimbo zikaanza kupita hewani. Siku hizi anayetaka kukuingilia hahangaiki na flashi. Anakutumia meseji, "Ile hela tuma kwenye namba hii," kana kwamba mna deni la siku nyingi. Hajui chochote kuhusu mikia ya mafaili, hatakufundisha amri yoyote, na salio lako analitaka lote.

Lakini mbegu haijaisha. Jirani na jengo moja la serikali, nisilolitaja, kuna stesheneri yenye kompyuta ya Windows XP ambayo haijaonja sasisho tangu inunuliwe, na foleni ya watu wenye fomu za kuprinti inafika barabarani. Nilimkabidhi dada wa pale flashi yangu wiki iliyopita. Akaishika kwa vidole viwili.

"Kaka, hii haina virusi?"

"Dada, juzi niliitumia hapa hapa kwako."

"Basi haina neno," akasema, akaichomeka. "Hivyo vinafahamiana."