Inavuta Mara Ngapi?

Chombo chochote cha kutazamia mbali kikiwekwa mezani dukani, swali la kwanza la mnunuzi ni lilelile: inavuta mara ngapi? Iwe darubini ya kutazamia ndege, iwe simu mpya, iwe darubini ya kufungwa juu ya bunduki ya mwindaji mwenye leseni. Muuzaji akitaja namba kubwa, uso wa mnunuzi unachanua. Akitaja namba ndogo, anaonekana tapeli. Mimi nashikilia kwamba kwa mtu atakayekitumia chombo hicho saa ya magharibi, kwenye miteremko ya Morogoro, hilo ndilo swali linalozaa aibu nyingi kuliko mengine yote. Giza halijali mvuto. Darubini ikivuta sana jioni, mwenye nayo huona giza lilelile, ila sasa limekuja karibu na limekuwa kubwa.

Hesabu yake haihitaji shahada ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Chukua upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ugawe kwa idadi ya mara inazovuta. Jibu ni upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. Darubini ya 8×56, yaani inayovuta mara 8 kwa lenzi ya milimita 56, hutoa duara la milimita 7. Ile ya 25×50 inayotajwa kwa mbwembwe hutoa milimita 2 tu. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi kufikia kama milimita 7. Kuipa mwanga wa milimita 2 ni kufungua geti la lori ili apite kuku. Wauzaji hupenda kusema lenzi kubwa “inakusanya mwanga”. Inakusanya, sikatai, lakini hakuna darubini ya vioo vitupu inayoweza kulifanya pori ling'ae kuliko jicho lenyewe linavyoliona, kwa kuwa kila kioo hula mwanga kidogo njiani. Darubini nzuri hukuza umbo bila kupoteza mwanga mwingi. Darubini mbaya hukuza umbo na kuzima taa.

Hapo wajuzi watanipinga: mbona Wajerumani, mafundi wa vioo, wana namba yao maalumu ya magharibi, na namba hiyo hupanda kila mvuto unapopanda? Ni kweli wanayo. Huzidisha mvuto kwa upana wa lenzi, kisha hutafuta kipeuo cha pili. Darubini ya 8×56 hupata 21.2 hivi. Sasa igeuze kichwa chini miguu juu: tengeneza darubini inayovuta mara 56 kwa lenzi ya milimita 8, upana wa punje ya hindi. Nayo inapata 21.2 ileile, haipungui hata nukta, ingawa duara la mwanga linalotoka nyuma yake ni sehemu moja ya saba ya milimita. Kwa mtihani wa namna hiyo, hata ukiipaka lenzi tope na kuacha kitundu, mradi uvute vya kutosha, utafaulu. Namba ile ina maana pale tu mboni inapopata mwanga wake wa kuitosha. Vinginevyo ni pambo la boksi.

Mwingine atasema: basi tununue lenzi pana kuliko zote, tumalize ubishi. Hapo umri unaingilia. Kadiri mtu anavyozeeka, mboni yake hufunguka kidogo zaidi gizani, na wazee wengi hawafiki hata milimita 5. Ukimpa mzee duara la milimita 7, ziada yote inamulika nje ya mboni, asione faida yoyote. Huyo 8×42 inamtosha, inayotoa milimita 5 na ushei. Tena ni nyepesi, na kwa kuwa hukaa chini karibu na mtutu, shavu lake linabaki kwenye kitako cha bunduki badala ya kuelea hewani. Isitoshe, 8×56 ilipata sifa zake katika nchi ambako nguruwe pori huviziwa kwa mbalamwezi juu ya theluji. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: jua likizama, baada ya dakika kama 20 shughuli imekwisha. Upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kule Kinole, jua huwahi hata kujificha nyuma ya mgongo wa mlima, na migomba huingia kivulini mapema. Anayenunua kwa kufuata matangazo ya Ulaya amelipia na theluji, na theluji hiyo haitaanguka hapa, hata kwenye kilele cha Bondwa.

Ukitazama aibu zenyewe kwa karibu, utaona hazitokani na uhaba wa mvuto. Mistari ya shabaha iliyo myembamba, iliyopendeza dukani saa sita mchana, hupotea kabisa mbele ya kichaka cheusi. Nukta nyekundu ya betri ikiwashwa kwa nguvu zote humpiga kiwi mwenyewe, na jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza upya, yaani muda ambao magharibi yetu haina. Anayewasha tochi ya simu kutafuta kofia yake yumo katika kundi hilohilo. Halafu kuna unyevu. Darubini iliyojazwa naitrojeni haiingii ukungu ndani, lakini nje inatosha pumzi ya mtu aliyepanda mlima akihema. Naye huifuta kwa pindo la shati lililolowa jasho, akamaliza kazi. Mwisho ni ile nafasi ya sentimita 9 hivi inayotakiwa kati ya jicho na kioo. Gizani kila mtu hujisogeza mbele akidhani ataona vizuri zaidi. Risasi ikitoka, bunduki hurudi nyuma, na ukingo wa darubini humchana nusu duara juu ya nyusi. Mtaani hakuna atakayehitaji kumuuliza alikuwa wapi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mkulima: nguruwe pori hangoji magharibi, huja saa nane usiku kwenye mihogo, kwa hiyo dawa yake ni darubini inayoona joto la mwili. Anayekesha juu ya dungu ana haki ya kulalamika. Ila Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda usiku pasipo kibali maalumu, na msitu ulio juu ya mashamba hayo ni hifadhi ya mazingira asilia. Humo, darubini ya joto ni kidhibiti cha kesi ambacho mshtakiwa amekinunua kwa hela yake. Tena joto huonyesha kwamba kuna mwili; mwenye mwili ni nani, hilo ni jambo jingine. Uluguru yumo minde, swala wa msituni anayepatikana Tanzania pekee na aliye hatarini kutoweka: mweusi wa kahawia, mnene, hupenda kutembea usiku, na kinachomtofautisha na nguruwe kwa haraka ni kishungi cha rangi ya kutu kati ya pembe. Picha yake ya kwanza porini ilipatikana mwaka 2003. Mnyama aliyewakwepa wapiga picha muda wote huo hatatambuliwa na mtu mwenye haraka ya kitoweo. Na sijamtaja mbuzi wa jirani, wala jirani mwenyewe.

Kwa hiyo darubini ya magharibi ipimwe kwa jambo moja: inakuonyesha wazi nini usikipige? Mwenye leseni, omba muuzaji akuruhusu kuijaribu nje saa kumi na mbili na nusu jioni. Kama mvuto unabadilika, ushushe hadi 6. Chagua mistari ya shabaha iliyo minene kama nguzo, nukta uiache hafifu, kitambaa kikavu kikae mfukoni. Ukishindwa kutofautisha mnyama na kisiki, toa risasi kwenye bunduki, funika lenzi, rudi nyumbani. Nawe ndugu wa dungu, endelea kuligonga debe lako kumtisha nguruwe: halihitaji leseni wala betri, na nguruwe hajawahi kuuliza linavuta mara ngapi.