Namna ya Kumkamata Mwizi wa Kona

Saza, wilayani Songwe, watu wanajua kulinda dhahabu. Duara la mgodi lina mlinzi, karasha la kusagia mawe lina mlinzi. Picha ya harusi haina, na mwizi huingia mchana kweupe: anachota mwanga wa kona nne, katikati anamwacha bibi harusi aking'aa. Waliotiwa giza ni bibi mzaa mama, watoto waliochelewa kusogea, na mama aliyeitwa kutoka jikoni picha ikiwa tayari kupigwa. Mwizi huyu anakamatika.

1. Fanya gwaride la utambulisho. Piga picha ukuta mweupe, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, tuseme f/1.8. Rudia hapohapo tundu likibanwa hadi f/8. Giza la kona likipungua, mhalifu ni lenzi yenyewe: ikiwa wazi, mwanga unaokuja mshazari unakatwa na kingo zake.

2. Bana tundu. Toka f/1.8, nenda f/4 au f/5.6. Mwanga utapungua, basi ongeza ISO au punguza kasi ya shata. Jua la kiangazi la Songwe linakulipia deni hilo.

3. Pekua. Giza likibaki, tena lina ukingo mkali, tafuta fitla mbili zilizopandana, kikinga jua kilichofungwa upande, au kava la simu lililoziba kamera. Vua.

4. Usibishane na hesabu. Kwa lenzi ya kawaida, mwanga unaoingia kwa mshazari wa nyuzi 30 hufika asilimia 56 hivi ya ule wa katikati; kwa nyuzi 45 hufika robo tu. Hapo kubana tundu hakusaidii. Rudi nyuma, tumia lenzi ndefu zaidi, panga watu safu mbili badala ya moja, na acha nafasi baada ya mtu wa mwisho.

5. Programu ya kuhariri picha ni polisi anayefika mwizi keshaondoka. Inaangaza kona, lakini ukizidisha mwanga mara nne unazidisha na chengachenga, na uso mweusi uliokosa mwanga unageuka vumbi. Itumie kwa giza dogo.

6. Mpe kazi halali. Lenzi ambayo Joseph Petzval aliibuni mwaka 1840 ilififisha kingo, na wapiga picha waliipenda kwa picha za mtu mmoja. Mchimbaji anapotoka duarani, vumbi jeupe kwenye nyusi, giza pembeni linamsogeza mbele. Litie mwenyewe, kwa kusudi, ukijua kwamba hakuna mtu kwenye kona.

Kwenye picha ya kundi, kabla hujabonyeza, pitisha macho kona zote nne na umtazame usoni kila aliyesimama pale. Aliyepanda bodaboda kutoka Mkwajuni, akala vumbi njia nzima ili asimame na ndugu zake, ana haki ya kuonekana sura.