Krepi, Chumvi na Mbuzi wa Jirani

Kamina kuna rangi mbili tu za nyumba, hata kama muuza rangi atakupangia makopo ya kila aina mbele yako. Tangu Mei hadi Septemba ukuta una rangi ya vumbi jekundu. Mvua zikianza Oktoba, unakuwa na rangi ya tope jekundu. Ndiyo maana wazee wetu hupaka sehemu ya chini ya ukuta kahawia au nyeusi, usawa wa magoti, ili matope yanayorushwa na maji ya manjanja yasionekane. Hayo si mapambo, ni mapatano na udongo.

Shemeji yangu, aliyehamia Montréal zamani, mapatano hayo ameyasahau. Alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, mrefu kuliko treni ya Ilebo, nao kama treni hiyo ukafika vipande vipande. "Shemeji, huku mtu hauzi nyumba, anauza uso wa nyumba. Tengeneza mbele tu: ukuta, barza, geti. Thamani inapanda kupita pesa uliyotia, na ile ziada ni yako. Unaipeleka benki, wanakukopesha, unanunua nyumba ya pili, unaipangisha. Ya pili inazaa ya tatu."

Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho huku anasonga bukari. "Na ya kwanza," akauliza, "nani anaizalisha?"

Hata hivyo, wazo lenyewe halikuwa la kutupwa. Mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, Kamina ikawa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, na kila mwenye chumba cha ziada alianza kuota mpangaji mwenye kazi ya ofisi, anayelipa kwa dola, asiye na ngoma. Sisi tuna vyumba viwili vya uani. Wapangaji wa namna hiyo hupita barabarani, na kutoka barabarani hawaoni uani, wanaona uso.

Kasoro ya hesabu ya Montréal iko kwenye karatasi. Kwa sheria ya Julai 20, 1973, ardhi ya nchi hii ni mali ya Leta, na Leta haiuzi. Inakupa haki ya kukaa juu yake na kuitumia, na inakutaka kabisa uijenge, usiiache majani. Ukitaka mkopo wa rehani, rehani hiyo huandikwa kwenye sertifika ya lupango. Haiandikwi kwenye rangi. Na hapa kwetu wenye sertifika si wengi; wengi tuna fishi ya kartye, yenye mhuri uliofifia, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi za ubatizo. Nilimweleza shemeji. Akajibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, akatuma pesa ya simenti.

Simenti hutujia kutoka upande wa Lubumbashi, kwa reli au kwa lori, na bei yake hutegemea kama treni imefika, imechelewa, au inasemekana imeonekana Bukama. Fundi alitushauri krepi ya kurusha, kwa mashine ya tirolyeni. Ni kisanduku cha bati chenye mkono wa kuzungusha; ukizungusha, vibao vya ndani vinachota mchanganyiko na kuurusha ukutani punje punje, ukikauka ukuta unakuwa na chunusi za heshima. Nyumba zote za wakubwa zina chunusi hizo.

Tirolyeni haina macho, lakini. Fundi aliizungusha siku ya Jumamosi, upepo ukitoka upande wa stesheni, na jirani yetu alikuwa ameanika sare za kwaya, nyeupe, tayari kwa ibada ya kesho. Alitoka, akazitazama sare, akatazama ukuta wetu ambao ulikuwa bado haujapata hata nusu. Kisha akasema kwa upole wa kutisha: "Baba, krepi imeshika vizuri sana. Kwetu." Jumapili sauti ya pili iliimba ikiwa na madoa ya kijivu, na mimi nilikaa kiti cha nyuma.

Pesa ya Montréal iliishia kwenye simenti, kwa hiyo rangi ikawa chokaa. Kila fundi anajua kwamba chokaa ikitiwa chumvi inashika ukuta, haikufuati kwenye koti. Fundi wetu alitia chumvi kwa moyo mkunjufu. Nyumba ikang'aa. Watoto wa avenyu walisimama kuitazama. Asubuhi nilisikia mkwaruzo nje, nikadhani ni mwizi anayejaribu dirisha. Kumbe ni mbuzi wa jirani, yule yule wa kwaya, wamejipanga wanalamba uso wa nyumba, na kwa chunusi zile ulimi ulipata pa kushika. Walilamba mpaka pale shingo ya mbuzi inapokoma. Jirani niliyemwita aje awachukue alitazama kazi yao kwa utulivu. "Mbuzi hawa hawana fujo," akasema, "wanasafisha."

Bila kukusudia tukawa tumerudi kwa wazee: chini giza, juu nyeupe.

Lakini thamani ilipanda, hilo nakubali. Ilipanda kwanza kwa wengine. Mama wa sombe alipunguza fungu bila kupunguza bei, akitupa jicho kwenye geti. Kijana mwenye faili alikuja kuulizia ushuru ambao hakuna mtu kwenye avenyu aliyewahi kuusikia, akasoma namba ya nyumba kwa sauti, akaondoka na matabishi. Binamu wa Kabongo, ambaye kwa kawaida hupita tu, aliweka begi barzani akasema sasa hata yeye anaona fahari kuugulia hapa. Na fundi, aliporudi kumalizia nguzo, alidai malipo ya mtu mwenye nyumba kama hii.

Mpangaji naye alikuja, ameletwa na komisioneri. Alitazama uso, akatabasamu. Akaingia uani, akatazama vyumba, tabasamu likabaki barabarani. Aliuliza iko wapi robine. Nilimwonyesha kisima. Komisioneri, aliyekuwa amekwisha kunong'ona garanti ya miezi sita, ingawa sheria ya 2015 imeiwekea mwisho wa miezi mitatu, alinishika mkono pembeni: "Mzee, acha kupangisha. Nyumba hii uiuzishe. Nina mtu."

Alikuwa na watu wengi. Kila siku akawaleta, wakapima lupango kwa hatua, mmoja akataka kujua mwembe utakatwa lini. Mama watoto akaanza kuogopa, maana hadithi za lupango moja kuuzishwa kwa watu wawili, mwenyewe akiwa amesafiri, hazihitaji kuagizwa kutoka mbali. Dawa inajulikana nchi nzima: unaandika ukutani. Tulibishana lugha. Mimi nilitaka Kifaransa, kwa ajili ya heshima. Mama akasema Kifaransa kinasomwa na watu wa ofisi, wakati walaghai wanasoma lugha zote, basi tuandike ile ya kwetu.

Mwandishi wa vibao alikuja na rangi nyekundu. Tulitaka herufi zionekane mpaka barabara kubwa, kwa hiyo zilikula uso wote wa nyumba, na dirisha la katikati, ambalo lilikuwa limefungwa kwa sababu ya harufu, likaliwa pia: LUPANGO HII SI YA KUUZA. Neno "SI" liliangukia sawasawa kwenye ubao wa dirisha. Ilipendeza kweli.

Joto la Oktoba halina subira. Kesho yake mama alifungua dirisha ili chumba kipate hewa, ubao ukaenda nyuma ukutani pamoja na neno lake. Saa sita mchana komisioneri alikuwa amekaa barzani, ameleta bwana mwenye begi la ngozi, wanasoma kwa furaha. Mama watoto hakusema kitu. Alinyoosha mkono dirishani, akavuta ubao, akafunga. "Baba, soma tena."

Yule bwana akasoma, akafikiri kidogo, akatazama saa yake.

"Sawa, mama," akasema. "Na munafungulaka saa ngapi?"