Shajara ya Majanji: Kikundi cha Watoto wa Ziwani

Jumatatu. Fomu ya kuandikisha kikundi chetu cha kutunza ziwa, hapa Majanji, Uganda, imerudishwa kwa kuwa haionyeshi kama ni cha wavulana au cha wasichana. Nimeandika "cha watoto" nikaipeleka tena.

Jumanne. Mkutano wa kwanza, chini ya mwembe. Filimbi ikalia, wakaja wote isipokuwa msichana mmoja kiziwi, aliyebaki ufukweni akigeuza mukene, yaani dagaa, juu ya nyavu. Watoto wakakubaliana kwamba kuanzia leo anayeita apeperushe kitambaa chekundu. Katiba ya Uganda ya 1995 inataka lugha ya alama iendelezwe. Kwetu imeanza na alama mbili alizotufundisha yeye: samaki na mti.

Jumatano. Tukielekea kuokota takataka, kiti cha magurudumu cha mtoto mmoja kikazama mchangani. Mzee mmoja mvuvi akatupatia mbao za mtumbwi mkuukuu, tukazitandaza njiani, kiti kikapita mpaka majini.

Alhamisi. Usiku mbao zimechukuliwa kuwa kuni. Watoto wakapita nyumba kwa nyumba, wakazipata zote ila moja, iliyokuwa tayari chini ya sufuria. Jioni niliwasimulia jinsi Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alivyoanzisha mpango wa vijana wa mazingira wa Roots & Shoots mjini Dar es Salaam mwaka 1991 pamoja na wanafunzi 12. Mtoto mmoja akatuhesabu vichwa, akatangaza kwamba hao tumeshawapita.

Ijumaa. Mbuzi wamekula miche ya mivule bustanini mwetu hadi shina. Mwenye mbuzi alikuja mwenyewe kuomba radhi: "Samahani, mwalimu. Mbuzi haulizi mche ni wa nani." Tumezungushia bustani nyavu chakavu, ambazo zikipotelea ziwani huendelea kunasa samaki bila mvuvi. Yule mama mwenye mbuzi ameandikisha wanawe wawili.

Jumamosi. Siku ya kuokota kavera, yaani mifuko ya plastiki. Gunia lilipojaa, upepo ukaliangusha, nusu yake ikarudi ufukweni; tukaanza upya. Walikuwepo pia binamu za watoto wetu, Wasamia kutoka Sio Port, ng'ambo ya Kenya. Kijana mmoja wao alifungiwa mandazi kwenye kavera. Wenzake wakamkumbusha kwamba kwao mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017. Akayala yote kabla ya kupanda mtumbwi.

Jumapili. Mvua imevunja mkutano wa wazazi, lakini baba mmoja alibaki barazani. Aliuliza kwa nini mwanawe asiyeona ahangaishwe na miche. Nilimwambia: ziwa likifa, mtoto huyu atakosa samaki sawa na wenzake, kwa hiyo kulilinda ni haki yake sawa na wao. Kikundi kinachomwacha mmoja nyumbani kinamnyima haki hiyo. Mtoto mwenyewe ameshachagua kazi. Anapapasa udongo wa kila mche na kusema upi unahitaji maji, na watoto wengine wanamwagilia pale anapoelekeza.