Namna ya Kuitafuta Printa Uliyoiegemea

Mwongozo huu ni kwa yeyote ambaye kompyuta yake ya Linux inaapa kwamba hakuna printa, ilhali printa yenyewe iko palepale, taa zinawaka, na mwenyewe ameweka kikombe cha chai juu yake. Nimeuandika kutokana na Jumatatu moja katika steshenari yangu, kijana amesimama kaunta na barua ya maombi ya kazi ambayo mwisho wa kupokelewa ni saa kumi alasiri.

Utauliza, Linux kwenye steshenari ya nini? Sababu ni flashi za wateja. Kila flashi iliyoingia dukani ilikuja na kirusi chake, mpaka mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, akafuta kila kitu na kuweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Virusi vikaisha. Printa nayo ikaisha.

Hatua ya kwanza: bonyeza "Chapa" mara nyingi. Mara moja haitoshi, kompyuta inaweza kudhani unatania. Mimi nilibonyeza mara 11. Kila ombi lilipokelewa kwa adabu na kupangwa kwenye foleni, kwa maana foleni ya Linux haimfukuzi mtu. Ikumbuke hiyo 11. Itarudi.

Hatua ya pili: zima, washa. Zima printa, washa. Zima ruta, washa. Usifuate mpangilio wowote. Ruta ikiamka upya huweza kugawa anwani mpya, na printa iliyokuwa nyumba namba 23 asubuhi ikahamia namba 31 mchana, huku kompyuta ikiendelea kubisha hodi kwenye mlango wa zamani. Umeme ukikatika kazi hii hufanyika bila wewe kuinuka. Wapo wanaoingia kwenye ruta na kuitengea printa anwani moja ya kudumu. Ni kazi ya dakika tano, ndiyo maana hatuifanyi.

Hatua ya tatu: ilaani Linux. Hapa utakuwa unaendeleza mila. Karibu mwaka 1980, katika maabara ya MIT kule Marekani, Richard Stallman alichoshwa na printa ya Xerox iliyokuwa ikikwamisha karatasi. Alitaka kuirekebisha programu yake, akanyimwa msimbo. Hasira ile ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfikisha kwenye GNU, mradi wa programu huria aliotangaza mwaka 1983, na vipande vya GNU ndivyo vilivyomo ndani ya Ubuntu ya mpwa wangu. Kwa ufupi, ukoo mzima huu umetokana na ugomvi na printa. Usishangae mtoto kumrithi mzazi.

Usijaribu pia kulalamika kwamba jirani mwenye Mac anachapa bila jasho. Anachapa kwa CUPS, programu ileile iliyo kwenye Linux yako. Michael Sweet aliitoa mara ya kwanza mwaka 1999, Apple wakainunua mwaka 2007. Moyo ni mmoja, shati tu ndilo tofauti.

Hatua ya nne: saka draiva. Pakua tatu, ikiwezekana za modeli ambayo si yako. Printa nyingi za miaka ya karibuni hazihitaji draiva ya pekee, kwa kuwa zinaongea lugha ya pamoja iitwayo IPP. Na hata pale inapohitajika, draiva ni mkalimani. Mkalimani humfaa aliyekwisha kukutana na mgeni wake, hatumwi kwenda kumtafuta aliyepotea. Mimi nilimtuma kwa dakika 40.

"Mama, au niende duka la pili?" kijana akauliza.

"Subiri mwanangu, inapasha moto."

Hatua ya tano: mfukuze mlinzi wa geti. Hapa tuseme kweli kidogo. Printa ya mtandao haikai kimya ikingoja kutafutwa. Hupiga mbiu: "Jamani, mimi printa fulani, nipo anwani fulani!" Kwenye Linux, sikio la kusikia mbiu hiyo linaitwa Avahi, na mbiu hupita kwenye mlango namba 5353. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini asiyekuwa na sikio ataijuaje? Kwanza hakikisha sikio liko macho:

`systemctl status avahi-daemon`

Kisha mtazame mlinzi, yaani fayawoli, asije akawa ameuziba mlango huo. Wengi humfukuza kazi moja kwa moja, wakabaki na nyumba isiyo na geti. Inatosha kumwambia amruhusu mpiga mbiu:

`sudo ufw allow 5353/udp`

Halafu andika `ippfind`, utulie. Ikikujibu kwa anwani, printa imesikika. Kwangu ilijibu kwa ukimya.

Hatua ya sita: achana na mbiu, nenda mlangoni. Kama unaijua anwani ya printa, huna haja ya kungoja ijitangaze:

`sudo lpadmin -p duka -E -v ipp://192.168.1.23/ipp/print -m everywhere`

Ni amri nzuri, imeokoa wengi. Kwangu haikufua dafu, na hapo ndipo nilipompigia mpwa wangu.

"Shikamoo shangazi. Umeiangalia anwani ya printa?"

"Ninaijua kwa kichwa."

"Sijauliza kichwa, shangazi. Nimeuliza printa."

Hatua ya saba: iulize printa yenyewe. Hatua hii iwe ya mwisho daima, kwa kuwa ni rahisi na haina amri ya kuwaringishia watu. Kwenye menyu ya printa yako kuna mahali pa kuchapa karatasi ya taarifa za mtandao. Ichape. Yangu ilitoka safi, wino umekolea, na katikati imeandikwa 192.168.2.14. Kompyuta yangu ilikuwa 192.168.1.7. Tazama namba ya tatu: moja, mbili. Mstari wa juu yake ulitaja jina la Wi-Fi: "Wageni".

Nikakumbuka. Wiki iliyopita nilibadilisha nywila ya Wi-Fi ya duka, baada ya kijiwe kizima cha bodaboda kuijua. Printa ikagoma kuunganishwa. Kwa haraka nikaiweka kwenye Wi-Fi ya wateja, nikasahau. Na Wi-Fi ya wageni kwenye ruta nyingi imejengwa makusudi ili aliyemo asiwaone wenye nyumba. Wiki nzima printa yangu ilikuwa ikipiga mbiu sebuleni kwa wageni, mimi nikiilaani chumbani.

Niliirudisha kwenye Wi-Fi ya duka. `ippfind` ikajibu kabla sijaondoa kidole. Lakini karatasi haikutoka, kwani foleni ilikuwa imejifunga kwa kuchoka kukosa jibu. Amri ya `lpstat -p` ndiyo iliyonionyesha. Nikaifungua kwa `cupsenable`, nikajipongeza, nikakiinua kikombe changu cha chai.

Barua ikatoka. Kijana akanyoosha mkono. Ikatoka ya pili. Ya tatu. Zilipofika 11 printa ikanyamaza, imemaliza kila nilichoiagiza tangu asubuhi bila kusahau hata kimoja.

Ipo amri ya kufuta foleni, `cancel -a`. Ilipaswa kuwa hatua ya kwanza.

Kijana alihesabu karatasi, akachukua moja, akalipia moja. Kumi zilizobaki ninazo hapa kaunta. Upande wa nyuma ni mweupe, na juu yake ndipo nilipoandika mwongozo huu.